Shangazi wa Gereji: Miaka Minne Pamoja, Sasa Kelele Tupu

Barua ya kwanza ilimfanya Shangazi atafute leso ya machozi. Aliyejiita "Mchovu wa Kamembe" ameishi naye miaka minne. Zamani alikuwa mtulivu. Siku hizi wakipanda kilima anagombana njia nzima, kakaka-kakaka, na juzi amemwaibisha mbele ya abiria kwa kukwama katikati ya barabara. Shangazi alikuwa ameshaanza kuandika habari ya kuita wazee wa familia, ndipo akafika mstari wa mwisho: je, motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anunue cheni peke yake, au pamoja na sproketi zake?

Wazee wakaambiwa warudi nyumbani. Rula ikaletwa.

Cheni ya saizi 428, inayofungwa kwenye pikipiki nyingi za abiria, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Pingili 20 za cheni mpya, zikinyooshwa, ni milimita 254. Zikifika 259, cheni imerefuka kwa takriban asilimia mbili na muda wake umekwisha. Chuma hakikuvutika kama mpira: pini na bushi zake zimelika, kila pingili ikaongeza kinafasi chake kidogo. Asiye na rula aivute cheni kwa kidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka hadi nusu ya jino ikaonekana, jibu amelipata.

Kuhusu kununua cheni peke yake, Shangazi ni mkali. Sproketi iliyolika huwa na meno yaliyopinda kama ndoana. Kufunga cheni mpya juu yake ni kumwoza binti kwenye nyumba ambayo mama mkwe ana meno ya papa. Ataliwa kabla hajazoea jiko. Vitatu hivyo, yaani cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma, huingia pamoja na hutoka pamoja.

Barua ya pili imetoka kwa motari anayeteremsha mizigo kutoka Kamembe hadi Bugarama. Kila asubuhi huikaza nati ya breki ya nyuma nusu mzunguko. Sasa nati imefika mwisho wa nyuzi zake, na jirani amemshauri apachike washa mbili ili apate pa kukazia.

Shangazi alisoma barua hiyo akiwa amesimama. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko karibu mita 1,590 juu ya usawa wa bahari. Kingo za mto Rusizi kule Bugarama, mahali pa chini kuliko pote Rwanda, ziko kama mita 950. Kutoka juu hadi bondeni ni zaidi ya mita 600 za mteremko, na mwendo wote huo lazima uzuiwe na kitu: ama injini, ama breki. Nati ikimalizika, maana yake breki shuu zimemalizika. Pikipiki nyingi za breki za ngoma zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki na alama ubavuni mwa ngoma. Breki ikikanyagwa mpaka mwisho na mshale ukagusa alama, shuu ni za kutupwa. Kwa pikipiki nyingi hapo tabaka la kusugulia limebaki milimita 2 tu. Washa haziongezi hata unywele wa tabaka hilo. Shuu zikilika kupita kiasi, kile chuma kinachozipanua kinaweza kupinduka na kunasa, gurudumu likafunga lenyewe mteremkoni.

Anaongeza jambo ambalo hakuulizwa: wanaozima injini na kuserereka ili kuokoa petroli huiachia breki kazi yote. Ngoma hupata moto, hutanuka, na shuu hukosa pa kung'ang'ania. Teremka na gia ya pili injini ikiwaka; gia hiyo haiuzwi dukani.

"Mwenye Haya wa Gihundwe" anauliza kama tairi kipara inaweza kuchongwa kashata mpya kwa kisu cha moto. Haiwezi. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikishuka zikalingana navyo, tairi imekwisha. Kuichonga ni kuukata mpira mwembamba uliobaki juu ya nyuzi. Anayenunua ya mtumba asome tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Yuko pia mwenye ugonjwa tofauti. Yeye hubadilisha plagi kila wiki, nayo kila wiki hutoka nyeusi na imelowa oili, huku moshi wa bluu ukimfuata nyuma. Shangazi anamwomba aache kumpiga mbea kwa habari aliyoileta. Oili inapita kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, na fundi aanzie huko.

Barua fupi kuliko zote ni ya mama anayepeleka samaki aina ya sambaza mpakani kwa pikipiki. Kila siku hupewa helmeti yenye mkanda uliokatika, akaambiwa aishike kwa mkono. Shangazi anamwambia, "Mama, shuka." Helmeti isiyofungwa hutangulia kuruka. Hata iliyo na mkanda mzima, ikishapigwa kwa nguvu mara moja, povu la ndani limebonyea na halirudi, hata kama rangi ya nje bado inang'aa.

Safu ikiwa mbioni kwenda mitamboni, Mchovu wa Kamembe ametuma ujumbe. Amepima: milimita 261. Anauliza kama haiwezi kuvumilia hadi mwisho wa mwezi.

Shangazi amewaita tena wale wazee.