Tondozi ya Goomba

Tondozi hutungiwa majemadari, mafahali na maharusi. Leo atungiwe Goomba, yule uyoga wa kahawia mwenye nyusi za hasira anayejikokota mwanzoni kabisa mwa gemu ya Super Mario Bros. Hana mkuki, hana mbio, haruki wala hafikiri. Akifika ukingoni mwa shimo huendelea kutembea, akatumbukia bila kumlaumu mtu. Nani kama yeye?

Tuanze na nasaba, kama heshima inavyotaka. Gemu hii ilitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985. Shigeru Miyamoto, Takashi Tezuka na wenzao walikwisha kuunda maadui tele, akiwamo kobe Koopa. Huyo ukimkanyaga hujificha gambani. Ukilipiga teke gamba, laweza kugonga bomba likarudi kukumaliza. Wakaona somo hilo ni zito mno kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anashika pedi. Ndipo akazaliwa Goomba, kitindamimba wa maadui wote, nafasi ndani ya kaseti ikiwa imekaribia kwisha. Iliyobaki ilimtosha picha moja tu: hugeuzwa kushoto, hugeuzwa kulia, nasi tunaapa kwamba anatembea. Kuna waheshimiwa wenye misafara ya magari ambao hawajafika mbali hivyo.

Mahasidi watasema kijitabu cha maelezo ya gemu kinamtaja kuwa msaliti wa Ufalme wa Uyoga. Haya, ni msaliti. Lakini ni msaliti gani anayemjia mtu mchana kweupe, uso kwa uso, kwa mwendo wa kwenda mazishini? Wasaliti tunaowajua sisi huanza kwa tabasamu.

Ukitaka kuupima ukuu wake, mrudishie gemu hii mtu mzima aliyeiacha tangu shule ya msingi. Huku kwetu wengi waliijua kupitia mashine zilizoiga Famicom, mashine ya asili ya gemu hii, zikachomekwa kwenye televisheni ya sebuleni, na kaseti iliyojinadi kuwa na maelfu ya gemu, kumbe nyingi ni zilezile zilizobadilishwa majina. Leo mtu huyo ana kitambi na cheo. Anawaita wanawe waje wamwone fundi. Muziki wa Koji Kondo unaanza, kidole gumba kinakumbuka nusu nusu, na kabla baba hajamaliza kueleza alivyokuwa akiogopwa mtaani, Goomba amekwisha kumgusa. Roho moja kati ya tatu imekwenda. Mdharau mwiba mguu huota tende. Watoto wamepata cha kusimulia, baba amepata unyenyekevu ambao semina zote za uongozi zilishindwa kumpa, na Goomba hajadai posho.

Wala hana kinyongo. Ukianza upya unamkuta palepale, kwa mwendo uleule, tayari kufundisha tena. Ukimkanyaga hubapa kimya na kukuachia pointi 100. Ukiwaunganisha wawili watatu bila kugusa ardhi, malipo yanapanda. Ni nani mwingine hukanyagwa kisha akalipa yeye? Labda mlipakodi.

Na msidhani ni mtu wa mlangoni tu. Katika ngome ya dunia ya kwanza husimama Bowser, mfalme atemaye moto. Wengi humpita, wakaligusa shoka lililo mwishoni mwa daraja lake, daraja likakatika, naye akazama na siri yake. Lakini mwangushe kwa mipira ya moto uone anavyobadilika akianguka: ni Goomba! Yule tuliyemkanyaga asubuhi ndiye aliyekuwa akitutetemesha jioni kwa jina la mfalme, na siku zote hizo hakujisifu.

Ushahidi mkubwa zaidi anautoa akiwa hayupo. Ukizimaliza dunia zote 8, gemu inakukaribisha kuianza tena ikiwa ngumu zaidi, na Goomba wote wanaondolewa. Nafasi zao hushikwa na Buzzy Beetle, wenye gamba lisilosikia moto. Hao ni wa mabingwa, na mabingwa na wabaki nao. Anayeanza, na anayerudi akiwa amesahau kila kitu, wote wawili waliwekewa Goomba, adui aliyeumbwa ili ashindwe. Tunamshukuru kwa moyo mweupe. Ombi letu ni moja tu: kwa kuwa umri umesogea, apunguze mwendo kidogo.