Wageni wa Makumbusho

"Makumbusho wapo?" konda anauliza, na nusu ya daladala inashuka. Wanafuata viatu vya mtumba, chipsi mayai na gari la Tegeta. Kijiji cha Makumbusho chenyewe, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, kiko pua na mdomo na stendi. Wanaoingia ni wanafunzi waliopangwa mstari na Wazungu wenye kofia. Mhifadhi ana hadithi ya kila mlango. Sisi tuna haraka.

Kule Posta, jirani na bustani ya mimea tunayoijua kwa picha za harusi, Makumbusho ya Taifa yamehifadhi fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Lina umri wa takriban miaka milioni 1.75, kwa hiyo tunaona wikiendi ijayo si mbali.

Lakini tukifika Berlin, tunatoa yuro bila kunung'unika tumwone dinosaria wa Tendaguru, Lindi, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Tunapiga selfi, kisha tunauliza kwa uchungu: "Kwa nini hawamrudishi kwetu?" Madai ni ya haki kabisa. Ila waungwana, akirudi, nani atakwenda kumsalimia?