Sifa za Bwana Dakika Mbili

Wa kusifiwa wamesifiwa mpaka wametosheka. Wengine wana barabara zenye majina yao, wengine wana fulana zenye picha zao. Bwana Dakika Mbili hana hata kibao. Na hali kila mwisho wa mwezi hapa Dar es Salaam, jioni, mishahara imeshaingia na foleni ya supamaketi inaanzia barabarani, ndiye dereva pekee katika maegesho anayejua anakokwenda. Wenzake wanazunguka tena na tena, macho kwenye taa za nyuma za mtu anayeonekana kama anataka kutoka. Yeye analiongoza shangingi lake moja kwa moja hadi mlangoni, penye rangi ya bluu na mtu mweupe aliyekaa kwenye kitimwendo. Anakata kona mara moja, anazima injini, anawasha hazadi.

Hazadi hizo zisidharauliwe. Asiyejua atadhani zinaonya kuwa gari limeharibika, kumbe ni dua. Zikishawaka, gari linahesabika kuwa linapita tu, hata kama halina mtu ndani na limefungwa kwa rimoti. Kibao, mistari na mlinzi vyote vinasimama kando mpaka zizimwe.

"Dakika mbili tu, nachukua maziwa."

Dakika zake zina baraka. Ndani yake huingia maziwa, mchele, kuku wa wiki nzima na feni ya kusimama. Katikati hupigwa simu kwa mjomba wa Dodoma, akajuliwa hali yeye, shangazi, watoto na mvua. Sisi wengine dakika mbili hazitutoshi hata kupata toroli lenye magurudumu manne yanayokubaliana.

Mlinzi hujaribu. Kijana mwenye sare iliyompwaya, ameajiriwa na kampuni iliyoajiriwa na kampuni nyingine, na anajua kwamba simu moja kwa meneja inatosha kumrudisha nyumbani.

"Shikamoo mzee. Samahani, hapo ni pa walemavu."

"Marahaba. Kwani wewe unamwona mlemavu hapa?"

Kijana anatazama kulia na kushoto. Kweli, hamwoni.

"Basi akija utaniita." Na hela ya soda inabadili mkono.

Hoja hii ina uzito kuliko inavyosikika. Nafasi ina gari kwa sababu haina mlemavu, na haina mlemavu kwa sababu ina gari. Anayetumia kitimwendo alikuja Jumamosi, akakuta pamejaa, akageuza. Jumamosi ya pili akamtuma mdogo wake. Siku hizi ananunua kwenye duka la mtaani, kwa bei ya mangi, ndogondogo. Supamaketi nayo imepata ushahidi wake: hawaji. Wanafalsafa wametafuta kwa karne nyingi hoja inayojitosheleza yenyewe, isiyohitaji chochote cha nje. Bwana Dakika Mbili anayo, na anaitoa bila hata kushusha kioo chote.

Wapo wanaouliza kwa nini nafasi ile ichorwe pana kama uwanja wa harusi. Hawajawahi kumtazama dereva mwenye kitimwendo akishuka. Gari lake ni la otomatiki, lina mkono wa chuma pembeni mwa usukani, wa kukanyagia mafuta na breki kwa kiganja. Akishasimama anafungua mlango mpaka mwisho, maana nusu mlango kwake ni sawa na ukuta. Anavuta fremu kutoka kiti cha abiria, anaipitisha juu ya kifua taratibu isikwaruze usukani, anaitua chini. Anachomeka gurudumu la kwanza mpaka liitike, kisha la pili. Anaweka mto, anafunga breki za kiti, ndipo anajinyanyua kwa mikono na kuhamia. Vipimo vya Marekani vinataka kando ya gari ubaki ukanda mtupu wa takriban mita moja na nusu kwa kazi hiyo. Kwetu ukanda huo, pale ulipochorwa, una mistari ya mshazari.

Na hapa nimsifu pia Bwana Dakika Mbili wa daraja la pili, mwenye haya, ambaye hapaki kwenye nafasi yenyewe. Yeye hupaki juu ya mistari. "Sijaziba pa mtu, nimejibana tu pembeni." Mwenye kiti anarudi na mifuko mapajani, anakuta mlango wake unafunguka kiasi cha kupitisha mkono. Wasamaria wanakusanyika: tukubebe, kaka? Wanaweza kumbeba, sawa, lakini kiti watakipitishia wapi? Ndani, spika inatangaza kwamba mwenye gari jeupe aliyeziba mwenzake anaombwa afike nje. Bwana wetu anasikia vizuri. Anatikisa kichwa mbele ya friji la jibini na kumwambia aliye karibu, "Watu hawana ustaarabu kabisa."

Ile alama ya bluu ina historia yake. Ilibuniwa mwaka 1968 na Susanne Koefoed, mwanafunzi wa Denmark, na mchoro wake ulikuwa wa kiti kitupu, hakina mtu. Ni mwaka uliofuata ndipo Karl Montan alipoongeza duara la kichwa, ili ionekane kuna binadamu amekaa. Waliotangulia kukosoa mchoro wa kwanza wangefurahi kuona hapa kwetu tumeukubali ule wa pili: kichwa kipo, na tairi la mbele kushoto linakaa juu yake barabara.

Asidhani mtu kwamba huu ni ushamba wetu. Bwana Dakika Mbili ana ukoo duniani. Steve Jobs, ambaye Mercedes yake ilikuwa haina namba, alijulikana kazini kwake kwa kupaki penye nafasi za walemavu, na mwandishi wa maisha yake, Walter Isaacson, hakulificha hilo. Mwaka 1999 wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa chuo kikuu cha UCLA walishtakiwa kwa kujipatia vibali vya maegesho ya walemavu kwa udanganyifu. Hao ni vijana ambao kazi yao Jumamosi ilikuwa kukimbia na kuangusha watu. Lakini angalau walijisumbua kujaza fomu na kutunga maradhi. Huku kwetu ukarimu ni mkubwa zaidi, fomu haihitajiki.

Ukimbana sana, atakwambia kuna ulemavu usioonekana. Na ni kweli. Kuna mwenye moyo dhaifu, kuna mwenye mguu wa bandia ndani ya suruali iliyopigwa pasi. Huyu wa mguu wa bandia ndiye hufokewa na wapita njia kwamba hana aibu, wakati shangingi la jirani yake linapigiwa saluti. Atakukumbusha pia kwamba hujafa hujaumbika. Hapo nami huinua mikono, maana ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyeisikia methali hiyo akaenda kuweka nafasi mapema.

Mwezi uliopita jaribu kubwa lilimpata. Uongozi wa supamaketi moja, baada ya kuona kwamba walemavu hawaji, ulisimamisha hema juu ya ile nafasi, na wasichana wawili wakawa wanaonjesha watu juisi ya embe. Bwana Dakika Mbili alifika saa yake ya kawaida akakuta muziki unapigwa pale anapopaki. Alishuka bila kuwasha hazadi. Akapanda ngazi hadi kwa meneja, na mlango ukiwa wazi wote tulimsikia: kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 katika nchi hii, kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na wanyonge hawawezi kuporwa haki zao kwa ajili ya juisi.

Meneja aliomba radhi. Hema liling'olewa kabla ya magharibi, mlinzi akapanga koni vizuri pande zote mbili, kisha akaziondoa ili mzee aingize gari.