Na ya Kutolea

Anayeshuka kwenye daladala Kwa Sadala, kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha, hupokewa na mikungu ya ndizi na miavuli ya mawakala. Kila mwavuli una rangi ya kampuni yake, ila chini yake mara nyingi hukaa kijana mmoja mwenye vitochi vinne vilivyofungwa kwa mpira, kila kimoja na mtandao wake. Kampuni zinagombana kwenye mabango, kisha zinalala pamoja kwenye droo moja.

Mnunuzi mmoja kutoka mjini alikuja kutafuta mshare wa mtori. Nyumbani kuna mzazi, na mzazi wa Uchagani hapewi supu ya pakiti. Bei ikapatana: mkungu shilingi 15,000. Pochini mlikuwa na nauli tu.

"Nikutumie kwenye simu, mama?"

"Tuma, mwanangu. Na ya kutolea."

Hapo mapatano yakaanza upya. Mnunuzi alidai hela haina haja ya kutolewa, inaweza kukaa kwenye simu na kutumika humo humo. Mama akauliza kama mwenye pikipiki atakayempandisha Masama jioni naye anapokea kwa simu. Hakukuwa na jibu. Wakagawana makato, nusu kwa nusu.

Kisha likaja jina. Kioo kilionyesha jina la mwanamume, na Mtanzania aliyewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hujua kuogopa majina mageni. "Huyo shemeji yangu, ndiye aliyenisajilia laini," mama akasema. Inawezekana kabisa. Siku za mwisho kabla ya 20 Januari 2020, tarehe ambayo laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungiwa, wenye vitambulisho vya NIDA walikuwa wachache kuliko wenye simu, na ndugu wengi waliazimana vidole. Wauza parachichi wawili wakamdhamini shemeji.

Hela ikaenda. Ujumbe wa mnunuzi ukaingia, wa mama haukuingia. Mkungu uliokwisha kupandishwa kwenye gari ukateremshwa. Mnunuzi akaonyesha kioo chake. Mama akakitazama kwa heshima zote, akasema huo ni ujumbe wako, mimi nasubiri wangu. Konda akapiga bodi mara mbili, gari likaondoka. Ujumbe ukaingia gari likiwa bado linaonekana.

Na hayo ni maendeleo. M-Pesa ya Vodacom ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, kisha zikafuata Tigo Pesa na Airtel Money, kumtumia mtu wa mtandao mwingine kulimaanisha kumpelekea namba ya siri, naye aende nayo kwa wakala wa mtandao wako. Watu walitembea na laini tatu mfukoni. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zikaanza kufunguliana milango. Vodacom, aliyekuwa na wateja wengi kuliko wote, aliingia Februari 2016. Si ajabu mkubwa kuja wa mwisho. Mwenye uwanja mkubwa hana haraka ya kubomoa uzio.

Kwenye malipo ya simu, Wajapani nao wana vituko vyao. Desemba 2018 PayPay ilitangaza kuwarudishia wateja asilimia 20 ya manunuzi kutoka kwenye fungu la yeni bilioni 10, lililopangwa kudumu miezi kadhaa. Likaisha kwa siku kumi. Mwaka uliofuata, 7pay ya maduka ya 7-Eleven ilizinduliwa Julai mosi, wezi wakaingia kwenye akaunti za wateja ndani ya siku chache, na Septemba ikafungwa. Ugomvi wao mkubwa wa sasa uko kwenye maduka ya programu za simu: sheria iliyopitishwa Juni 2024 na kuanza kutumika kikamilifu Desemba 2025 inazizuia Apple na Google kuziba njia kwa maduka ya programu na malipo ya wengine.

Mama wa ndizi hahitaji sheria hiyo. Kitochi chake hakijui duka la programu ni nini. Anabonyeza *150*00# na mambo yanaenda. Mlinzi wa geti lake ni mwingine: kampuni ya simu, yenye laini, yenye pochi, na yenye orodha ya makato. Kuchagua mtandao ni rahisi. Kuchagua kutokatwa ndiko hakujawekwa kwenye menyu.

Serikali nayo iliwahi kusogeza kiti mezani. Tozo ya miamala ilianza 15 Julai 2021, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Kelele zilipozidi ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, ikaendelea kupunguzwa, na bajeti ya 2023/24 ikaifuta kwenye kutuma na kutoa. Kwa muda ule wa tozo, noti zilirudi kwenye pindo za khanga kama zamani, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ya kutolea.

Tangu Novemba 2024 Tigo ni Yas, na Tigo Pesa ni Mixx by Yas. Rangi mpya zimepakwa, ila wateja bado wanauliza "Tigopesa ipo?" na wakala anaitikia bila kuwasahihisha.

Ni kwa wakala huyo huyo mama alipokwenda kutoa zile 15,000. Mnunuzi, akisubiri gari jingine na mkungu ukiwa miguuni, akaona autumie muda vizuri: akamuuliza kijana, kwa uzoefu wake, mtandao upi ni bora.

Kijana akavipekua vitochi vyake. "Unataka kutoa shilingi ngapi?"

"Sitoi, nauliza tu."

"Basi yote ni mizuri. Ila kama ungetoa, dada, huu mmoja tu ndio una floti."