Fokker Katika Msimu wa Vitunguu

Vitunguu vikishavunwa Ruaha Mbuyuni, hakuna nyumba ambayo maganda hayaingii. Yanapita chini ya mlango, yanalala kwenye mikunjo ya chandarua, yanaelea kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Katika msimu huo baba mkwe wangu aliamua kupaka rangi ndege yake, tena kwa brashi, tena nyeupe.

Ndege yenyewe ni modeli ya plastiki ya Fokker F27 Friendship, ya kampuni ya Airfix ya Uingereza, ambayo shemeji yangu alikuja nayo likizo. Baba alikuwa fundi wa ndege Dar es Salaam. Alianza na Fokker za East African Airways, na shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977 na Shirika la Ndege Tanzania kuanzishwa mwaka huohuo, akaendelea kuzihudumia. Alipotoa vipande kwenye boksi alishika kwanza bawa, akapitisha kidole chini yake, pale injini ya Rolls-Royce Dart inapokaa, akawa anatafuta kifuniko alichozoea kukifungua. Chai yake ilipoa mezani.

Mabawa ya Fokker ya kweli, ncha hadi ncha, ni mita 29. Modeli hii imepunguzwa mara 72, kwa hiyo ya kwetu ni sentimita 40 hivi. Kwa brashi, sentimita 40 za rangi nyeupe si kazi ndogo.

Vikopo vya rangi havikuja na boksi. Rangi za mafuta hushika moto, na abiria haruhusiwi kupanda nazo ndege. Shemeji akapanda basi, akakwea Kitonga hadi Iringa mjini, akarudi na rangi ya mafuta nyeupe, praima ya kijivu, tapentaini, na chupa ya thina aliyopewa na mafundi wanaopuliza rangi magari.

Nyumbani wananiita Mwalimu. Nimechora ramani za Tanzania kwenye kuta za madarasa, kwa hiyo mambo ya brashi huulizwa mimi. Nilisema vipande vioshwe kwa sabuni, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta yanayoisaidia kuchomoka kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Shemeji aliona sabuni inachelewesha. Kwa moyo mzuri kabisa akachovya kitambaa kwenye thina, akapangusa bawa la kushoto.

Plastiki ya modeli ni polistirini, na thina ya magari huiyeyusha. Bawa lililainika, likanasa nyuzi za kitambaa, na mistari midogo inayoonyesha maungio ya bati ikafutika. Shemeji akataka kufuta tena.

“Weka chini,” Baba alisema. “Usiiguse mpaka kesho.”

Dawa aliyoitumia nitaikumbuka daima. Alikatakata fremu za plastiki zinazobaki baada ya kutoa vipande, akazitia kwenye kichupa cha glasi, akamimina thina ileile iliyoharibu. Asubuhi zilikuwa uji mzito. Ile ndiyo ikawa puti yake. Kwa kuwa ni plastiki ileile, ilishikana na bawa ikawa kitu kimoja. Ikaachwa ikauke kabisa, ikasuguliwa kwa msasa wa maji, kisha akairudisha mistari kwa ncha ya sindano iliyoegemea rula. Shemeji ndiye aliyeshika rula, na Baba akamwachia mstari wa mwisho auchore mwenyewe.

Ndipo ikaja rangi. Ruaha Mbuyuni iko bondeni na jua lake ni kali. Mchana rangi hukauka kabla haijajitandaza, na kila unyoya wa brashi huacha mfereji. Kwa hiyo Baba na binti yangu walipaka alfajiri. Rangi ilipunguzwa kwa tapentaini, ambayo haili plastiki kama thina, ikapakwa nyembamba hata kijivu cha praima kikaendelea kuonekana. Hapo ndipo wengi hushindwa. Mtu akiona kijivu huongeza rangi, nayo hujaa kwenye mistari na kutiririka kingoni. Subira iko katika kuliacha bawa likiwa baya, likauke, ndipo upake mkono wa pili ukikatiza mwelekeo wa kwanza. Na ukishapita mahali, usirudi. Rangi iliyoanza kushika huchunika. Brashi ya dukani ilikuwa inanyonyoka, basi binti yangu akaomba ya shangazi yake, ile bapa ya kujipodolea.

Mabawa meupe yakafunikwa kwa kawa, kwenye meza ya barazani.

Usiku huo Fuso lilikuja kupakia vitunguu. Umeme ulikatika, wageni wakafika kutoka Ilula, na upepo ukaanza kuvuma kutoka mtoni. Mama mkwe alitoka gizani kuwatafutia wageni chakula, akafunua kawa. Mama hakuwa na kosa. Katika nyumba yake kawa hufunika chakula. Alipopapasa akakuta hamna wali, akaiacha kando akaenda jikoni. Vijana walikuwa wanajaza magunia ya lumbesa hatua chache kutoka pale. Kulipokucha, mabawa yalikuwa na maganda mekundu kutoka ncha hadi ncha, na alama za vidole vya Mama juu ya injini ya kulia.

Mama alikuwa ameshaleta kibanio, ayatoe moja moja. Baba akakataa. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi, ganda hutoka na rangi yake. Wakabishana tangu uji wa asubuhi hadi magari ya mchana. Nilisimama na Baba, na bado nasimama naye: ikauke kwanza. Ilipokuwa ngumu, msasa wa maji uliyaondoa maganda pamoja na alama za vidole, na mkono mpya ukafunika yote.

Wako wanaosema kompresa ingemaliza kazi hiyo mara moja. Ingemaliza, na ndege ingetoka laini mno. Hii yetu ukiisogeza karibu na dirisha unaona mkono wa mtu, na Baba anasema ndege zilizofanya kazi kweli zilionekana hivyo, zimepakwa na kupakwa tena.

Binti yangu alichora twiga mkiani bila karatasi ya kubandika. Shingo aliirudia mpaka Babu yake akaridhika. Zikabaki herufi za usajili. Ndege za Tanzania huanza na 5H, na zilizofuata Baba alizitaja bila kufikiri.

“Ndiyo ile uliyoondoka nayo Mwanza wiki niliyojifungua?” Mama akauliza.

“Ndiyo hiyo.”

“Basi iandikeni kubwa, isomeke kutoka jikoni. Nina maneno nayo.”