Mti Usiomdhuru Aliyeupanda

Yapo maua ambayo mtu huyapanda ili ayatazame mwenyewe, na yapo ambayo huyapanda ili majirani wayatazame. Walakini ua liitwalo tarumbeta la malaika si la jamii hii wala ile, kwa sababu mwenye kulipanda hana budi kukaa tayari kujibu mashtaka. Mimi naishi Lushoto, katika baridi ya milima ya Usambara, ambako mti huu hustawi pasipo kubembelezwa, na katika kuishi nao nimeijua tabia yake moja ambayo sijaikuta katika kitabu chochote cha bustani: visa vyake vyote humfika asiyeupanda, na lawama zake zote humrudia aliyeupanda.

Kwa umbo hauna la kutisha. Shina lake hupanda wima mpaka ligawike panda, na kabla ya panda hiyo ya kwanza usitazamie ua hata moja. Ndiyo maana wajuzi, wakitaka mche wa kupanda, hukata tawi la juu ya panda, ambalo huchanua mapema kuliko lile la chini. Maua yenyewe, ambayo hufika sentimita 30 kwa urefu, huning'inia kichwa chini mchana kutwa kwa haya kama ya mwari, hata mgeni akadhani kwamba hayana harufu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, pande za milima ya Andes, na mwaka 1805 mtaalamu wa mimea Persoon aliipa jamii hiyo jina la Brugmansia kwa kumtukuza Brugmans, profesa wa Leiden huko Uholanzi. Heshima kubwa, hasa kwa mtu ambaye hakuwa jirani yangu.

Ulafi wake ni wa ajabu. Samadi yote uipatayo huila, na maji hauyakinai kamwe: ikifika adhuhuri ya jua kali, majani yake mapana hulegea yote kwa pamoja, mtu akaapa kwamba mti umekwisha kufa, ukiumwagia ndoo, kabla ya alasiri umesimama tena kana kwamba hapakuwa na jambo. Mke wangu, ambaye ndoo hiyo aghalabu huwa ndiyo maji yake ya kuoga, anashikilia kwamba mti ule hauzimii, bali unajifanya.

Kisa cha shangazi yangu chastahili kuelezwa kwa utulivu. Alipanda kutoka Tanga kuja kwetu kulikimbia joto la kaskazi, nasi kwa taadhima tukampa chumba ambacho dirisha lake laelekea bustanini. Sasa desturi ya ua hili ni kuificha harufu yake mpaka jua lizame, ndipo liifungue kwa ajili ya nondo wa usiku, ambao ndio wageni linaowangojea. Na baada ya sala ya isha harufu hiyo, tamu na nzito, ikaingia chumbani pasipo kubisha hodi. Mtu aliyelelewa Tanga, kwenye asumini na udi, anajua vyema kwamba manukato yajayo usiku wa manane pasipo mwenyewe hayana maelezo mawili. Shangazi akasoma Ayatul Kursiyu, kisha akaagiza chetezo. Ubani ukafukizwa hata tukashindwa kuonana, watoto wakaamka wakikohoa, nalo ua, ambalo wakati huo ndio kwanza limeshika kazi yake, likazidi kunukia juu ya ubani.

"Mwanangu," akaniita kutoka ndani ya moshi, "nyumba hii uliinunua kwa nani?"

Hakuuliza kama jini yupo, maana hilo kwake lilikwisha thibiti. Alilotaka kujua ni kama ni Mwislamu. Nikaona njia pekee ni kumchukua kwa kurunzi mpaka mtini, nikamwinamishia tarumbeta moja nyeupe, akainusa kwa makini. "Ahaa," akasema, akirudi nyuma hatua moja, "kumbe ndimo anamokaa."

Baada yake akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mwenye nguvu na asiyependa kuambiwa neno. Alijitolea kuupogoa mti, akaupogoa hasa, na jasho lilipomtoka akajifuta jicho kwa kiganja kilicholowa utomvu. Jioni mkewe akapiga ukelele: mboni ya jicho la kulia ilikuwa imepanuka kama kifungo cha koti, ilhali ya kushoto imebaki kama ilivyokuwa. Majirani wakakubaliana kwamba ni kijicho cha hasidi, wasitofautiane ila katika kumtaja hasidi. Daktari alipommulika, mboni moja ikasinyaa kama ipasavyo na ya pili ikamkodolea tu, naye kwa kuhofia kwamba pengine kichwa kimeumia ndani, akamuuliza kwa upole, "Nani amekupiga?" Shemeji hakujibu. Alinitazama mimi, na kwa jicho lile lisilopepesa, ukawa ushahidi mzito.

Alipoulizwa kazi aliyoshinda akiifanya ndipo kadhia ikafumbuka. Mti huu una atropini na skopolamini, na atropini ndiyo ambayo matabibu wa macho hudondoshea wagonjwa ili mboni ipanuke. Shemeji alikuwa amejitibu pasipo kuugua. Siku chache baadaye mboni ikarudi mahali pake, lakini habari ya kwamba nilimtia dawa ya macho haijarudi mpaka leo. Hapa niseme bila mzaha: sumu imo katika jani, ua, mbegu na mzizi, na yaweza kuua. Mti huu ni ndugu wa nyanya na biringanya, lakini undugu huo haufiki jikoni, na watoto wangu wanalijua hilo kabla ya alifu na be.

Fito zilizotokana na upogoaji ule aliziomba mzee wa jirani ili maharage yake yapate pa kutambalia. Mvua za masika ziliponyesha, fito zikatia mizizi, zikatoa majani, zikayafunika maharage, na hatimaye shamba lote likaning'inia matarumbeta. Mzee akaja kwangu na fimbo yake na adabu yake. "Nilikuomba miti," akasema, "hukuniambia kuwa ingali hai." Wataalamu wa hifadhi wameandika kwamba spishi zote za Brugmansia zimekwisha toweka katika pori lao la asili, zikabaki kwa kupandwa na watu tu, nami nilipomweleza hayo, akalitazama shamba lake kwa muda mrefu, akauliza kama wataalamu hao wanaweza kuja kuzichukua.

Shangazi amenipigia simu juzi. Anataka nimpelekee vipande vya juu ya panda, visikawie kuchanua, na nilipomkumbusha jini, akasema kwamba yeye hana ugomvi naye. Alichotaka kujua ni upande upi umande wa usiku utaipeleka harufu, kwa maana anaye jirani asiyezima redio mpaka saa saba za usiku. Nikamwambia umande huvuma kutoka bara. Basi apande magharibi ya dirisha la jirani huyo, na avae glavu.