Mimi na Sayansi ya Makosa ya Wenzangu

Taa ya kipaza sauti inawaka, kwa hiyo mnanisikia mpaka nyuma kabisa. Nyie mnaopunga mikono huko nyuma, asanteni, ila salamu ni baadaye.

Somo letu ni kukadiria binadamu atakosea mara ngapi. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hii ni Mmarekani Alan Swain wa maabara za Sandia, miaka ya 1960, na mwaka 1983 yeye na mwenzake Guttmann wakatoa kitabu kinene cha majedwali. Kuruka hatua katika orodha ndefu, hata kama unatia alama kila hatua: mara 3 kati ya 1,000. Roho ikiwa mkononi, zidisha kwa 5. Nimejitafuta katika majedwali yote, sikujiona.

Sasa hesabu. Tuseme fundi hukosea mara 1 kati ya 100. Mwekee mkaguzi anayekosea kama yeye, makosa yatakayowapita wote wawili ni 1 kati ya 10,000. Safi! Lakini Swain, mtu wa kushuku, akasema hapana: mkaguzi anayemtegemea sana mwenzake ataona saini, naye atasaini, na kosa litampita karibu nusu ya mara zote. Ile 10,000 inaporomoka hadi 200 hivi. Kwangu hilo halipo. Hotuba hii imekaguliwa na mpwa wangu ninayemlipia ada, akasema, “Iko poa, mjomba,” hata simu hakuiweka chini.

Tazameni mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Pennsylvania, Machi 28, 1979. Vali ya kupunguza mgandamizo ilikwama wazi. Taa yake ikazimika, na waendeshaji wakaridhika kwamba imefungwa. Kumbe taa haikuwa na habari na vali; ilijua tu kwamba amri ya kuifungua imekatwa. Maji yakatoka kwa zaidi ya saa mbili, wao wenyewe wakapunguza hata yale ya dharura, na karibu nusu ya kiini cha mtambo ikayeyuka. Watu wazima, wamesomea, wanaamini taa!

Naletewa kikaratasi. Mwandiko wa mpwa: “Mjomba, hawakusikii tangu uanze. Waya haujachomekwa.”

Kaa chini, kijana. Taa si inawaka?